Marashi ya Kileleni

Mwaka huu nimempeleka shangazi kijijini kwao. Ngoja, usinipongeze. Majirani zangu wa hapa Sib, pembeni mwa Maskati, wameshanipongeza vya kutosha: ati mtoto mwema huyu, kamchukua dada wa marehemu baba yake, kamweka ndani, na sasa kampandisha mlimani akaione nyumba yao ya kale. Nikawa naitikia amin, amin. Wewe nitakwambia kweli.

Siku hizi ni lami mpaka juu. Miaka ya tisini tulikuwa tukitoka kwetu Ruwi, mjini Maskati, alfajiri kwa gari la baba, mie na mama nyuma tumepakata vikapu, na kipande cha mwisho kilikuwa mawe matupu. Mama hufumba macho akasoma Ayatul Kursi mpaka tunafika. Kisha baridi inakuingia mwilini, na harufu ya waridi. Mashamba yalikatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, maji ya mfereji yakipita katikati, na wanawake walichuma kabla jua halijapanda, wakarudi na shuka zimejaa. Waridi lilipikwa kwenye chungu juu ya jiko la udongo, ndani kimewekwa kibakuli cha kukinga mvuke, juu kimefunikwa kwa sufuria ya maji baridi. Maji yakipata moto lazima yabadilishwe, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu watoto. Marashi yalitoka na rangi ya chai nyepesi, yananukia moshi. Nilikipenda kila kitu pale isipokuwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa huyo shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane, funguo zote kiunoni mwake. Na nyumba ile ilikuwa na ada yake. Msimu wa waridi ukimalizika, wanawake wa nyumba walipanda kileleni asubuhi na mkate, asali na kahawa. Mke aliyeolewa akipelekwa mara ya kwanza, shangazi alimnyunyizia marashi kichwani kule juu, wote wakiona. Akishuka ameshakuwa mtu wa nyumba: atamimina kahawa, atakaa mkekani na wenziwe, atasikilizwa akisema. Asiyepandishwa ni mgeni.

Mama yangu, mtoto wa Unguja, hakupandishwa. Mwanzo shangazi alisema ana mimba. Mwaka wa pili ana mtoto mchanga. Baadaye akaacha hata kutafuta sababu.

"Watu wa Unguja miguu yao ya mchanga," alisema kwa Kiarabu, wenziwe wakacheka. "Abaki, atutazamie moto."

Wakeze ami zangu, walioolewa nyuma yake, walipandishwa mmoja mmoja. Mama alibaki kwenye baraza ya mawe nje ya jiko, anachambua mchele wa chakula chetu tukirudi. Mie walinichukua, kwa kuwa mie damu ya kaka yao. Nimekula asali yao kule juu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama jembe alipewa siku ile ile aliyofika, lakini ugeni haukumtoka. Kila mwaka alikaanga visheti Ruwi akavibeba, na kila mwaka shangazi aliwamwagia mbuzi. Baba alikuwa akimwambia, "Mstahamilie, mkubwa wangu huyo." Nilimpenda sana baba, Mungu amrehemu, lakini hilo linaniuma mpaka leo.

Mama akafa na ugeni wake. Baba akamfuata. Kijiji nacho kikaanza kumwagika, vijana wakishuka Maskati kutafuta kazi, wazee wakifuata wana wao. Shangazi wanawe wakamrusha nyumba hii na nyumba ile, kila mkwe anamchoka. Nikasema, mleteni kwangu. Wakaniombea dua.

Kwangu kinasemwa Kiswahili. Anayetaka chumvi aseme chumvi. Yeye aliyekuwa akitukataza lugha hiyo mbele ya chakula chake, neno la chumvi alilijua upesi, la naomba lilimchukua muda. Nilimlisha vizuri, nilimwogesha, dawa zake hazikupitwa na saa. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Wala sikumpandishia sauti hata siku moja, maana nilikuwa nna jambo langu nalingoja.

Kila msimu wa waridi ukifika aliniomba kitu kimoja: nimpeleke kileleni, anukie marashi ya kwao kule juu, ndipo afe. Gari sasa hufika karibu kabisa, na hata mwenye magoti mabovu akishikwa mkono anafika. Mwaka huu nikamwambia haya, twende. Alilia kwa furaha.

Tulikuta milango imefungwa kwa minyororo, dari zimeanguka, mfereji mkavu. Nikamshusha kwa adabu zote, nikamkalisha kwenye baraza ile ile ya nje ya jiko, nikamwekea mto mgongoni. Akaninyooshea mkono nimwinue tuendelee.

"Wewe baki, shangazi," nikamwambia. "Tutazamie moto."

Jiko lile halijawashwa miaka. Alinitazama, na nikaona amefahamu.

Nikapanda peke yangu na mrashi wangu, umejaa marashi ya kunyunyiza. Juu nikamtaja mama kwa jina lake kamili, nikanyunyiza kulia na kushoto, nikakaa mpaka jua likawa kali. Sikufanya haraka. Raha niliyoisikia siwezi kukuficha.

Niliporudi alikuwa pale pale.

"Kilele hakionekani kutoka hapa," alisema.

"Hakionekani."

"Nilidhani mama yako alikuwa akituona."

"Alikuwa haoni kitu, shangazi. Alikuwa akisikia mnavyocheka."

Wale waliocheka wote wamekufa, na waridi hakuna tena wa kulipika nyumba ile. Ada yao tumebaki kuijua wawili tu, mie na yeye. Akauona mrashi mkononi mwangu, haujaisha. Taratibu akarudisha shela nyuma, akainamisha kichwa chake cheupe, akangoja.

Nikayamwaga yote yaliyobaki juu ya mawe ya baraza, pale pembeni yake. Kisha nikamshika mkono, nikampeleka garini.