Vioo Ndani ya Sanda

Wallahi, sikusimuliwa. Haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Bagamoyo, miaka michache kabla Wadachi hawajatuletea mizinga yao. Wapo watakaosema mzee anapayuka. Waseme. Ningekuwa natunga, ningejitungia kisa cha kunipendeza, si hiki ambacho kila nikikieleza nashindwa kuwatazama watu usoni.

Kazi yangu ilikuwa kupima sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini, kwa tajiri mmoja wa Kihindi, lakini ulevi wangu ulikuwa picha. Mzungu aliyekaa mjini akisubiri wapagazi alinifundisha, kisha akaniachia kamera yake kuukuu, sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Kama hamjapata kuiona, mpigaji huingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi akatazama kioo cha nyuma, na humo watu wote huwaona wamepinduliwa, miguu juu, vichwa chini. Si uchawi, ndivyo chombo chenyewe kilivyo. Mtu huzoea.

Lenzi yake ilikuwa imeota ukungu. Nikavuka kwenda Unguja kwa Mgoa mmoja muuza vitu vya picha, nikanunua lenzi mpya na kasha la vioo vya kupigia, vile vinavyotoka Ulaya vimekwisha pakwa dawa. Mgoa akanionya, "Usivifungue ila gizani. Vikiona jua mara moja tu, vimekufa."

Hapo wasiwasi ukaniingia. Forodhani kwetu askari walikuwa wakifungua kila kitu, hata kapu la mayai. Ningewaelezaje kwamba kuna kitu kisichotaka jua? Hapo ndipo wangekifungua wakione. Basi nikafanya ujanja ambao mpaka leo sijui nani aliutia kichwani mwangu. Nikanunua kitambaa cheupe cha bafta, pamba, ubani na kafuri, nikaweka lenzi na vioo katikati, nikaifunga bafta kama inavyofungwa sanda inayopelekwa msibani. Muislamu gani atafungua sanda ya maiti wa mwenzake?

Siku ya kurudi bahari ilichafuka, tukalowa sote chomboni isipokuwa mtu mmoja. Alikuwa mrefu, kanzu yake kavu, haina hata kunjo. Hakusema na mtu, alikuwa akiutazama mzigo wangu tu. Nikadhani mwizi.

Forodhani askari aligusa bafta, akasikia harufu ya kafuri, akaondoa mkono haraka.

"Amefariki nani, ndugu yangu?"

Niaminini, sikuwa nimefikiria jina. Mtu akiulizwa hivyo ghafla, humjia jina la nani? La aliye karibu na moyo wake.

"Shangazi yangu Mize."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mnazika lini?"

"Alasiri."

Yule wa kanzu kavu alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa upole, "Alasiri nitafika."

Shangazi Mize ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Nilimkuta nyumbani kwake mtaani Dunda, mzima wa afya, anakaanga vitumbua. "Shikamoo shangazi," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, mbona umelowa hivyo?" Nikamjibu ni bahari, nikapita chumbani kwangu kuficha mzigo. Nilidhani mambo yameishia forodhani. Nilisahauje kwamba msiba ukitajwa forodhani umetajwa kwa mji mzima?

Baada ya sala ya adhuhuri watu wakaanza kuja, wanawake wakilia tangu njiani. Wa kwanza kuingia uani alimkuta maiti ameshika mwiko. Bibi mmoja akaanguka. Mwingine akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Shangazi akawatazama, "Jamani, kuna nini? Kafa nani?"

Macho yote yakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikusema kweli. Nikasema askari amechanganya mambo, eti mimi nimealika watu waje kupigwa picha pamoja na shangazi. Ndiko akili yangu ilikofika. Wengine waliondoka kwa hasira, waliobaki walitaka kuona mwisho wake. Nikajifungia chumbani gizani, nikafungua bafta, nikafunga lenzi mpya na kutia kioo kimoja katika kisanduku chake cha giza. Kisha nikaisimamisha kamera uani, nikamkalisha shangazi kitini, watu nyuma yake wananung'unika.

Nikaingiza kichwa chini ya kitambaa. Watu wamepinduliwa, kama kawaida. Isipokuwa mmoja. Kando ya shangazi alisimama yule wa kanzu kavu, wima, miguu chini, kichwa juu, kama ninavyowaona nyinyi hapa. Mkono wake uko begani kwa shangazi.

Nikatoa kichwa. Kando ya shangazi hapakuwa na mtu. Nikarudi ndani, yupo, na sasa ananitazama mimi. Sauti yake niliisikia sikioni, humo humo ndani ya kitambaa.

"Nimekuja kwa jina ulilolitaja. Waambie watu hawa kwamba ulisema uongo, nami nitarudi nilikotoka."

Maneno machache tu, mnaona? Nikatoa kichwa niyaseme. Nikamwona imamu, nikawaona wapimaji wenzangu, majirani, nikafikiri watakavyonicheka barazani. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliona aibu, jamani. Shangazi yangu amewekewa mkono begani, nami naogopa kuchekwa.

Mara Bi Tatu, jirani yetu, akatoka chumbani na bafta mkononi. "Na sanda hii je? Nimeikuta kitandani kwake."

Shangazi akanitazama, akaona nilivyofadhaika. Akasema, "Hiyo nimemwagiza mimi. Mtu mzima akiweka sanda yake sandukuni mapema kuna ubaya gani? Mtoto kaniletea, askari kadhani nimekufa. Mwacheni."

Watu wakatulia, maana ni kweli wazee wetu huziweka. Imamu akasema, "Mashallah, umelea." Mimi nikakimbilia chini ya kitambaa. Yule mtu aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa jibu na mwenye sanda, akatoa mkono begani, akaondoka. Nikafurahi. Mpumbavu mimi, nikafurahi.

Watu walipotawanyika shangazi aliikunja bafta magotini mwake. "Sikukuagiza, wajua," akaniambia. "Lakini nimefurahi umenifikiria. Mungu akulipe, mwanangu." Hata hapo sikumwambia. Nikaitikia amina.

Alfajiri hakuamka.

Lenzi na vioo nilikwenda kuvitupa baharini kule Mbegani, na picha sijapiga tena. Lakini lililobaki ni zito kuliko hilo. Mjini hapa bado wananisifu. Watu huwaonyesha watoto wao, "Yule ndiye aliyemnunulia shangazi yake sanda angali hai." Nami huinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Nawausia, msimtaje aliye hai katika wafu, hata mali yenu yote ipotee forodhani. Na mkipewa nafasi ya kusema kweli mbele za watu, semeni papo hapo, wacheke wanavyotaka. Mimi nimeisema leo, na shangazi Mize haimfai tena.