Fardowsa na Flashi ya Mzee Elkanah

Fardowsa ana mkono mwepesi kuliko macho yake. Sisi majirani zake hapa Migori tunamwita Mama Fomati, maana flashi yoyote ikimsumbua dawa yake ni moja tu: anafuta kila kitu kilichomo na kuirudisha ikiwa safi. Mimi nauza chai mlangoni pa duka lake la kompyuta, na nimemwonya mara nyingi kwamba haraka haraka haina baraka. Hunijibu kwamba chai yangu nayo imejaa maji.

Alhamisi moja aliingia mzee Elkanah, mwalimu mstaafu wa Kendu Bay aliyehamia huku kwa bintiye baada ya kufiwa na mkewe, Marcella. Simu aliyomrekodia marehemu ilikuwa imetumbukia ziwani. Zilizobaki ni nakala za video alizowahi kumpa mpwa wake wa Nairobi, naye akamrudishia ndani ya flashi, Marcella akiimba na kwaya. Televisheni ya nyumbani iliikataa flashi hiyo, ndiyo maana akaja.

Fardowsa akaichomeka. Kompyuta ikasema haiitambui, ifomatiwe kwanza.

"Hii iko na virusi, mzee. Nafomati tu, ni dakika moja."

"Sawa, nyathina, mwanangu," mzee akasema, kwa upole wa mtu anayedhani kufomati ni kutengeneza. "Lakini nisomee kwanza hiyo maneno. Miwani nimeacha nyumbani."

Fardowsa akamsomea harakaharaka, kidole kikiwa tayari, mpaka akafika palipoandikwa kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Akaondoa mkono.

"Mzee, hizi video ziko mahali pengine?"

"Hapana. Mpwa wangu alishafuta zake."

"Basi nilikuwa nakuharibia. Nisamehe."

Akaichomoa kama anayebeba yai, akavuka barabara hadi kwa Mubarak, mpiga picha za harusi, ambaye hutumia kompyuta ya Mac. Nasi tukamfuata, chai nikaiacha jikoni ijichemkie. Mubarak alipoichomeka ikafunguka papo hapo. Haikuwa na virusi wala ugonjwa wowote. Ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Mac, na kompyuta za kwetu hazisomi mtindo huo.

Ndani mlikuwa na faili moja kubwa la zipu, video zote zimefungwa pamoja humo. Wakajaribu kulihamishia kwenye flashi mpya ambayo televisheni ingeisoma, ikakataa, ingawa nafasi ilikuwa tele. Mubarak akacheka. Akasema flashi hiyo ni mpya lakini mpangilio wake ni wa zamani, haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne. Gunia likigoma mlangoni, unalifungua nje na kuingiza mahindi kwa debe. Wakaifungua zipu mle mle kwenye Mac, zikatoka video ndogo ndogo, zikahama zote. Nilishusha pumzi kana kwamba marehemu alikuwa dada yangu.

Tuliporudi dukani, Fardowsa akafungua video ya kwanza. Marcella alikuwa mstari wa mbele, kitambaa cha kijani kichwani. Katikati ya wimbo akaitazama kamera, akamwambia mumewe kwa Kijaluo aache kushikashika simu aje aimbe, sauti ya besi imepwaya.

Mzee akacheka huku machozi yakimtoka. Akavua kofia, akaidaka besi, akaifuata mpaka wimbo ukaisha.

"Rudisha mwanzo, nyathina," akasema. "Nimeingia nimechelewa."