Damu ya Kidole, Damu ya Mkono

Kosa lilikuwa langu, na nililipata kwa kubembeleza. Siku moja kabla ya kupasuliwa uvimbe wa tumbo la uzazi, nilitumwa maabara hapa Machakos nipimwe damu. Mimi huuza vitunguu sokoni. Neno la kwanza la mtu silikubali. Mama wa maabara alishika kiwiko changu, nikakivuta. Sindano ya mshipa naiogopa kuliko nyoka.

“Chukua ya kidole.”

“Mwaitu,” akaniita mama kwa Kikamba, “ya mkono ndiyo nzuri.”

“Kwani ya kidole nimeazima?”

Akacheka, akanidunga kidole. Damu ikagoma. Tukakikamua wote wawili, kama mbuzi mzee aliyekauka maziwa.

Mchana daktari alisoma karatasi ya majibu. “Chembe za kugandisha damu ni chache sana. Tukikupasua hivi, damu inaweza kukataa kusimama.”

Nilimwomba arudie. Akarudia vilevile.

Nilikaa kwenye benchi nje, nikahesabu watoto wangu: watatu. Nikahesabu tena. Nikapakata kikapu changu cha sokoni. Mdomo wangu, unaojulikana soko zima, ulikuwa mkavu kama ganda la kitunguu.

Nikarudi maabara. “Hesabu tena.”

Yule mama aliweka tone la ile damu chini ya darubini, akaangalia kwa muda mrefu. “Zimeshikana. Ukikamua kidole, hizi chembe zinaamka, zinadhani uko na kidonda, zinakumbatiana. Mashine ya kuhesabu inaona moja.”

“Fungu zima la vitunguu, ikahesabu kimoja?”

“Hivyo. Labda. Hatujui mpaka tuchukue ya mkono.”

Hiyo labda sikutaka kulala nayo. Nikafunga macho, nikanyoosha mkono.

“Sasa hubembelezi?”

“Dunga kabla sijaanza.”

Karatasi ya pili ilisema chembe zinatosha. Nilimfanya daktari aisome mara mbili.

“Basi kesho asubuhi tunakupasua,” akasema.

Furaha yangu ilifika mlangoni tu. Hapo nilikumbuka kwamba ile karatasi mbaya ndiyo iliyokuwa imesimama kati yangu na kisu.

“Daktari, keshokutwa haiwezekani?”

“Kesho, mama.”

Nilienda nyumbani nimebana pamba kwenye kiwiko. Njiani niliifunua, nione kama damu imesimama kweli. Ilikuwa imesimama. Nikatembea hatua chache, nikaifunua tena.