Kichwa cha Sato Nilichokula Bunda

Kwanza niweke kumbukumbu sawa, kwa kuwa maneno yaliyosambazwa katika ukoo kuhusu safari yangu si sahihi. Inasemwa kwamba nilipita Butiama kwa shangazi yangu kama mtu anayepita dukani, na kwamba nilikataa chakula chake. Sikukataa. Sikupewa. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtu aliyefanya kazi ya masjala maisha yake yote hawezi kuiacha hivi hivi.

Kazi hiyo niliifanyia Uingereza, katika manispaa ya mji mmoja wa kaskazini, mpaka nilipostaafu. Safari ya Mara niliipanga kwa sababu moja iliyozidi nyingine zote: shangazi ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu, nami nilitaka kula chakula cha mkono wake na kumsikiliza akinisimulia habari za marehemu baba alipokuwa mtoto. Baada yake hakuna tena wa kumuuliza. Nilikuwa pia na hamu ya samaki wa ziwa, jambo ambalo sioni haya kulikiri. Huko ninakoishi samaki huuzwa bila kichwa, amelazwa kwenye barafu kama mgonjwa.

Niliandaa ratiba, siku kwa siku, yenye safu ya saa, safu ya mahali na safu ya shughuli. Niliituma katika kundi la ukoo kwenye simu wiki tatu kabla ya kuondoka, na wote walijibu kwa dole gumba. Hakuna hata mmoja aliyeandika pingamizi. Katika ofisi yoyote inayoheshimika, hapo shauri limekwisha.

Siku ya kwanza ilisomeka hivi: kutua Mwanza asubuhi, chakula cha mchana Bunda, salamu Butiama saa kumi, kulala Musoma. Mpangilio huo ulifuata barabara. Atokaye Mwanza huifikia Bunda kabla ya Butiama, na barabara hiyo sikuichora mimi.

Bunda anaishi mtoto wa baba yangu mdogo. Yeye na mkewe walinipokea vizuri kupita kiasi. Sato alikaangwa mzima mpaka mapezi yakawa makavu ya kuvunjika, kisha akatiwa katika mchuzi wa nyanya na ndimu. Ugali wa muhogo ulikuwa wa moto, unavutika, una ile rangi ya kijivu niliyokuwa nimeisahau. Mdogo wangu akakitenga kichwa, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kaka, hiki chako. Huko Ulaya si mnavitupaga?"

Nikala mashavu, nikala macho, nikafyonza mifupa mpaka ikawa myeupe.

Saa kumi kamili gari la kukodi lilinishusha Butiama. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Nyuma yake, juu ya mafiga, palikuwa na chungu kilichofunikwa. Nilikiona, wala sikukiulizia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umetokea wapi?"

"Bunda, shangazi."

Akanishika mikono yote miwili, akainusa. "Umekula."

"Nimekula."

"Nini?"

"Sato."

"Kichwa kakila nani?"

"Mimi."

"Yesu wangu! Kale katoto kamekupa kichwa, na mimi niko hai!"

Kwetu, mgeni atokaye mbali hula kwanza nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, naye ndiye humpa kichwa cha samaki, ndipo wengine wanaanza kumgombania. Nililijua hilo utotoni, lilikuwa limenitoka. Hata hivyo nilitoa simu nimwonyeshe ratiba, nikamweleza kwamba wote waliridhia.

"Mimi sisomi simu," alisema. "Kunywa maji, uende zako Musoma. Siku ukiwa na njaa utarudi."

Mkwe wake, mke wa mwanawe, akaniletea maji. Nikanywa, nikaondoka nimeudhika.

Jua halijazama nilikuwa nimefika nyumba ya wageni, Nyakato ya Musoma. Nikampigia mdogo wangu wa Bunda.

"Desturi uliijua?"

"Niliijua, kaka."

"Mbona hukusema?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Niliona Bunda namba moja! Lini tena mimi nitakuwa wa kwanza kwenye ukoo huu? Halafu wewe ni mtu wa ofisi, nikajua umeshaongea na shangazi."

Sikuwa nimeongea naye. Nilifungua orodha ya kundi, nikaipitia jina kwa jina. Wajukuu walikuwamo, hata mmoja aliye shule ya msingi. Shangazi hakuwamo, kwa sababu hana simu ya namna hiyo. Habari za kuja kwangu alizipata kwa mkwe wake. Kazini nilirudisha majalada mengi kwa walio chini yangu kwa kosa hilo hilo: mhusika mkuu hakuarifiwa. Jalada hili pia ningelirudisha. Nikatazama tena safu ya shughuli. Mbele ya Butiama nilikuwa nimeandika neno moja tu, salamu.

Kesho yake ilikuwa siku ya Bukima, kwenye kijiji chetu cha zamani kando ya ziwa. Niliiahirisha. Mwenye nyumba ya wageni alileta chai, chapati na supu, nikamwomba avirudishe.

"Mzee, hata chai?"

"Hata chai."

Nikarudi Butiama, shangazi nikamkuta kwenye kigoda kile kile. Akanusa vidole vyangu kama anayekagua mtoto aliyeiba sukari.

"Nilikosea, shangazi," nilisema. "Wewe ndiye niliyepaswa kukuuliza kwanza." Habari za barabara sikuzitaja.

"Ingia."

Chungu kilipofunuliwa nilijua harufu kabla ya kuona. Walikuwa furu, wale samaki wadogo ambao utotoni tulikula kila siku na sasa kuwapata ni kazi. Walikaushwa, wakapikwa kwa karanga. Mkwe wake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama alipopata habari za safari yangu aliwaagiza Bukima, akawakausha mwenyewe.

"Jana wengi aliwagawa kwa majirani kwa hasira. Hawa ndio waliobaki."

Nilikula polepole, na shangazi akaanza kusimulia bila kuulizwa.

"Baba yako alikuwaga anaficha furu mfukoni, anaenda nao shule. Darasa zima linanuka! Mwalimu akimchapa, yeye anatafuna." Akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha baba, hakuna hata chembe iliyobadilika.

Kisha akanisogezea chungu nikipanguse kwa ugali, kama nilivyopewa nikiwa mdogo.

"Na watu wakikuuliza, ulianzia hapa."

"Shangazi, jana nilikuwa..."

"Ulianzia hapa."

Katika utumishi wangu sikuwahi kurudisha nyuma tarehe ya hati yoyote. Nilichana karatasi kwenye daftari langu, nikaandika kwa mkono: Siku ya kwanza, Butiama, chakula. Mkwe wake akaisoma kwa sauti. Shangazi akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akanyoosha kidole kwenye chungu.

"Hapo pembeni umeacha."