Aliyefunga Ndiye Afungue

Muuguzi Zuena wa wodi ya wagonjwa wa akili ana sharti moja, na halina mjadala: aliyemfunga mgonjwa kamba ndiye atakayemfungua.

Asubuhi hiyo Kheri alimleta kaka yake, Sudi, kutoka kijiji cha Baleni, mikono imefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Sudi alikuwa hajalala siku tatu, na jana yake alivunja mlango.

"Mchome sindano kwanza, dada," Kheri alisihi. "Tukimfungua atatuumiza."

Zuena alichuchumaa mbele ya Sudi, aliyemzidi umri. "Shikamoo, kaka Sudi."

Kheri alikunja uso. Tangu kaka yake augue, nani alimwamkia? Hata wanawe waliacha.

Sudi alimwinulia muuguzi macho. "Marahaba," alisema, sauti imemkauka. "Mikono inaniuma."

"Naiona. Ukishafunguliwa nitakupa dawa upate usingizi. Utakubali?"

Sudi aliitikia kwa kichwa.

"Haya, fungua," Zuena alimwambia Kheri. "Nawe mwamkie. Ni mkubwa wako."

Kheri alipiga magoti, akahangaika na fundo alilolikaza mwenyewe. "Shikamoo, kaka."

Sudi hakuitika mpaka kamba ilipoanguka chini.