Nyundo Juu ya Paa la Zege

Nyumba yetu ya mtaa wa Dilala ilikuwa bado kuta tupu mume wangu alipotangaza kwamba haitaezekwa mabati. Alitangaza, hakuuliza. Alikuwa dereva mwenye lori lake mwenyewe, mtu wa Maniema, akibeba mahindi na mihogo kutoka pande za Musumba. Alikuwa ameona nyumba za wakubwa wa mgodi zenye paa la zege, bapa kama meza, na tangu hapo hakutaka kingine.

"Mabati ni ya kambi," alisema. "Mi nataka beto. Kesho nikipata nguvu, naongeza etaji, ghorofa kabisa, juu yake."

Sikupinga zege. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema nilikuwa mbishi tangu mwanzo. Baba yangu alifanya kazi ya zege miaka mingi kwenye bwawa la Nzilo, na alitufundisha sote nyumbani, wasichana kwa wavulana. Nilijua kwamba paa bapa halitakiwi kuwa bapa kabisa. Lazima liiname kidogo upande mmoja, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji yanakiona. Nilijua hata kulipima kwa mpira mwembamba uliojaa maji: ukishikwa ncha mbili, maji huonyesha upande ulio chini. Basi nilimwuliza mume wangu jambo moja tu: maji yataelekea wapi?

"Uliza fundi."

Fundi alikuwa binamu yake. Nilimkuta juu ya ngazi akigongelea mbao za kushikilia zege.

"Shemeji, maji itatokea wapi?"

"Ku mbele, ku barabara. Nitaweka tuyo pale, bomba ya maji."

"Ulipima? Niko na mpira. Mi nashika huku, we unashika kule."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na vibarua wake wakacheka naye. "Mama, we songa bukari. Mambo ya beto uachie banaume."

Mume wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Alitabasamu tu, na lile tabasamu liliniuma kuliko kicheko cha wengine wote.

Siku ya kumwaga zege nilichota maji tangu alfajiri pamoja na wanawake wa jirani, na bukari, ugali wetu, nikasonga vilevile. Baada ya hapo kazi ya kulinywesha zege maji lisipasuke ikawa yangu, asubuhi na jioni, ndoo kichwani juu ya ngazi. Siku ya tatu nikaona. Kila ndoo niliyomwaga ilikimbilia nyuma, kwenye kona iliyo juu ya chumba tulichomtengea mama mkwe, ikasimama pale. Na fundi alikuwa ameshaanza kujenga ukingo wa matofali kuzunguka paa lote, na bomba moja tu, mbele.

Nilimwita mume wangu apande aone. Alikuwa chini, anakaza gurudumu la lori.

"Itakauka," alisema.

"Ndoo itakauka, baba ya batoto. Mvua haitakauka. Beto iinamie ku nyuma, na tuyo mbili ziwekwe kule."

"Fundi ni nani hapa, we ao yeye?"

Hakupanda. Ngazi ilikuwa hatua kumi kutoka aliposimama. Tukahamia, na mvua zilipoanza naye alikuwa njiani kwenda Musumba.

Alasiri moja ilinyesha kama iliyotumwa. Mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi tena, aliniita: dari ilikuwa inadondosha maji juu ya kitanda chake. Nilipoingia, matone yalikuwa yameshakuwa mstari, na zege lilikuwa na ufa mrefu kama mkono wangu. Nikambeba mgongoni, nikamlaza sebuleni. Nikatuma mtu kwa fundi. Jibu likarudi: atakuja mvua ikiisha.

Nikapanda mwenyewe. Kona ya nyuma maji yalinifika chini kidogo ya magoti. Bomba la mbele halikuwa linatoa kitu. Nilishuka, nikachukua nyundo kubwa ya lori ambayo mume wangu aliiacha nyumbani, nikapanda tena, nikaanza kuupiga ukingo wa nyuma. Nilipiga huku nalia, na sikuwa nalia kwa woga. Kila tofali nililolipiga lilikuwa na sura ya mtu aliyecheka. Majirani walitoka kwenye mvua kutazama.

"Mwanamuke anabomoa nyumba ya bwana yake!" mmoja alipiga kelele.

Ukingo ukatoboka. Maji yakaruka nyuma ya nyumba kwa kishindo, yakasomba mkaa wangu wote, na baada ya muda paa likabaki tupu.

Mume wangu alirudi baada ya wiki mbili, barabara ilikuwa imemshika kwenye matope. Hakunisalimia.

"Ulivunja nyumba yangu."

"Niliokoa mama yako."

Akamwita fundi. Fundi akasimama uani kwangu, akaniangalia machoni, akasema paa lilipasuka kwa sababu ya nyundo yangu. Mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, "Hapana. Maji ilianza kuanguka, nyundo ikafuata. Mi nilikuwa mule ndani." Wakamwambia apumzike.

Mwishowe mume wangu alileta msimamizi wa ujenzi aliyekuwa anamjua, mzee aliyepanda paani na mpira mwembamba uliojaa maji. Mpira kama wangu. Alipima kona zote nne, akasimama kwenye tundu la ukingo.

"Nani alivunja hapa?"

Akayagusa matofali yaliyovunjika.

"Aliyevunja anajua kazi. Bila hii, dari ingeangukia batu."

Mume wangu akakohoa. "Ni sisi," alisema. "Tulivunja sisi."

Nilikuwa chini, nimeshika ngazi ili mzee ashuke bila kuanguka.

Walirekebisha kama nilivyosema: tabaka jipya la saruji lililoinamia nyuma, mabomba mawili nyuma, lami juu. Halikuvuja tena. Mzee yule alipewa mbuzi, na alistahili. Fundi aliendelea kuja kula kwangu siku za Idi, nami niliendelea kumwekea sahani, na kila mara mkono wangu ulitaka kuigeuza.

Miaka michache baadaye mdogo wa mume wangu alikuja kuuliza habari za paa la zege, naye alikuwa anajenga. Nilikuwa namimina chai. Mume wangu akaanza kumweleza: mwinamo, mpira wa maji, mabomba ya nyuma. Maneno yangu, moja baada ya jingine.

Niliweka birika chini. "Uniulize mimi," nilimwambia shemeji.

Alimtazama kaka yake kwanza, kuona kama ameruhusu. Mume wangu alikuwa anaangalia kikombe chake.

Nilimweleza yote hata hivyo, mpaka mwisho, kwa ajili ya mke wake atakayelala chini ya zege lile. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na wote wawili walidhani ni haya.