Besi ya Dinah

Ukifika Voi na gari ambayo muziki wake unapiga kelele lakini haukugusi kifua, utaambiwa umtafute Nicholas Mwandawiro. Yuko nyuma ya maduka ya spea, upande wa barabara ya kwenda Mraru, chini ya kibanda cha mabati ambacho kwa joto la pale kingeweza kuoka mkate. Akikupokea kwa adabu, jua mimi ndiye niliyemlea. Akikukemea, hiyo ni ya upande wa baba yake.

Mimi ni mjomba wake. Mama yake, Dinah, ni dada yangu. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa kueleza mambo sijaona mwenye digrii wa kunishinda, na Nicholas mwenyewe si mtu wa maneno. Kwa hiyo nimeifanya mimi kazi hii ya kusimulia.

Watu wengi hudhani muziki mzito ndani ya gari unatokana na ukubwa wa wufa, ile spika ya besi. Khaemba wa reli alidhani hivyo. Alileta gari yake ikiwa na wufa mbili kubwa kama sufuria za harusi, zimekaa katikati ya buti zikitazama viti vya nyuma. Nje ya gari unasikia mabati yakilia, ndani hakuna kitu. Khaemba alikuwa tayari kununua ya tatu. Nicholas akamwambia atulie. Akaitoa moja, akaiketisha kwenye kiti cha dereva kama bibi harusi, akafungulia muziki, kisha akaingia kwenye buti na kuanza kutambaa. Kichwa chini, sikio pembeni, kona hii, kona ile, makalio yakitutazama sisi tuliobaki nje. Nikamuuliza kama amepoteza sindano.

"Mjomba," akasema kutoka humo ndani, "spika imekaa mahali pa sikio, na sikio linatafuta mahali pa spika. Pale litakaposhiba, ndipo nitaiweka."

Akapata kona ya kushoto. Akazigeuza wufa zote mbili zitazame mlango wa nyuma, akaacha nafasi ya kiganja, akabadilisha na waya za moja, maana moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta, zinauana zenyewe kwa zenyewe. Khaemba alipoketi na muziki ukaanza, aliweka mkono kifuani kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Mimi nikamwambia kwamba hayo yote kijana amejifunza kwangu. Nicholas hakunikanusha. Ana heshima.

Lakini ukweli ni kwamba alijifunza kwa mama yake.

Kule kwetu Mwanda, juu milimani, wanaume wengi waliteremka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli. Kwaya ya kanisa ikabaki na wanawake, na wazee wachache waliokohoa zaidi kuliko walivyoimba. Dinah alikuwa msichana mwenye sauti nzito tangu utotoni. Akikuambia ulete maji, ulidhani umeitwa na chifu. Mwalimu wa kwaya alimwondoa kwa wasichana wenzake akamsimamisha nyuma, peke yake, aimbe besi. Akaiimba mpaka akazeeka nayo. Wanaume waliporudi kwa likizo na kutaka nafasi yao, walisikiliza mara moja wakaenda kukaa kwenye benchi. Siku alipoolewa na Mwandawiro, baba yake Nicholas, nilitangaza kwa wageni wote kwamba dada yangu anaoa. Alinifuata kwa mwiko hadi nyuma ya jiko.

Mwandawiro naye alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukamua mkonge, na ile mashine ikayala masikio yake. Sauti nyembamba zilimkimbia kwanza: ndege, simu, wajukuu. Baadaye na sisi wengine tukamkimbia. Ukimsalimia, anamgeukia mkewe na kumuuliza, "Anasemaje?" Dinah anarudia maneno yako kwa besi yake, na mzee anakujibu. Mimi nilikuwa nasema maneno ya upuuzi makusudi, nione kama dada yangu atayarudia. Aliyarekebisha yakawa ya heshima. Shemeji yangu akafikiri mimi ni mtu mstaarabu.

Basi hao wawili waliishi hivyo. Yeye Dinah chini kwenye migomba, mzee juu kwenye baraza anachambua maharagwe. Akimhitaji, anamwita mara moja tu kutoka kule bondeni, na mzee anainuka. Katika dunia nzima, sauti iliyobaki kumfikia Mwandawiro ilikuwa hiyo moja.

Mwaka jana, wakati wa mvua ndefu, Dinah aliteremka kwenye migomba kukata majani ya ng'ombe. Mzee alikuwa barazani na maharagwe yake. Ukungu ukashuka, ubaridi ukaingia, na yeye akashangaa kwamba chai haijaletwa. Alipoteremka alimkuta amelala kifudifudi, panga kando yake. Daktari alisema ni moyo.

Siku ya mazishi, jirani yetu Immaculate alituvuta mimi na Nicholas pembeni. Shamba lake liko ng'ambo ya kijito, na siku ile alikuwa anakata nyasi. Alisema alimsikia Dinah akiita, "Mwandawiro," halafu tena, "Mwandawiro," akiuvuta mwisho wa jina. Hakwenda. Kule milimani sisi huitana ng'ambo hadi ng'ambo kutwa nzima. Mtu anaitiwa chumvi, anaitiwa mbuzi aliyekatika kamba, na hakuna anayeacha nyasi zake kwa sababu jirani anamwita mumewe. "Nilifikiri anamwita kwa chai," Immaculate akasema, akarudia hivyo hivyo, chai, chai, mpaka Nicholas akamshika mabega. Alimwomba neno hilo lisimfikie baba yake.

Lakini mzee alikuwa na lake tayari. Alianza kumuuliza kila mtoto aliyepanda kumwona: aliniita? Wote walimwambia hapana, alikwenda ghafla. Naye anawajibu kwamba hawakuwapo. Ni kweli, hawakuwapo. Akaacha kula. Kimanga alichokipenda, maharagwe yaliyopondwa na muhogo, kikawa kinapoa mbele yake, na mimi nikawa nakimaliza, nikisema chakula kisitupwe, huku namwona shati likimning'inia kama limeanikwa. Nilimletea mizaha yangu yote. Hakukuwa na wa kumrudishia kwa sauti nzito. Aliniangalia mdomo ukicheza, basi.

Mwezi wa nane Nicholas alipanda kutoka Voi, na baba yake akamkalisha mbele yake.

"Wewe ni fundi wa sauti," akamwambia. "Lete sauti ya mama yako. Iweke pale alipoanguka. Mimi nitakaa hapa. Nikiisikia, basi siku ile ningesikia, na hakuniita. Nisipoisikia, nitajua aliniita."

Sauti ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sababu yangu. Miaka ile kwaya iliporekodiwa kwenye kaseti, nilijinyakulia moja nikaifungia kwenye sanduku. Nicholas aliipeleka Voi ikahamishiwa kwenye flashi. Mwishoni mwa wimbo mmoja wa mavuno kuna mahali ambapo wote wananyamaza na Dinah anabaki peke yake chini, anaivuta sauti, anaivuta, mpaka wenzake wanarudi. Pale ndipo mzee alipopataka.

Nilipanda na Nicholas kwenye gari yake ya Probox, wufa imefungwa nyuma. Tulipita Mwatate, tukapita Wundanyi. Tulipoanza kuona ukungu ndipo akaongea.

"Mjomba, wufa nguvu zake ni gari. Ni mabati, ni mlango wa nyuma, ni kona. Ukiitoa ukaiweka shambani, besi inatoka inakwenda zake mpaka Kasighau. Pale mama alipoanguka nikiiweka, baba hatasikia."

Nikamwambia amdanganye tu, aseme ameiweka. Akaniambia mzee hatakubali maneno tena, ameyakataa ya watoto wote. Anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe.

Tulifika mchana. Mzee tukamwambia abaki ndani kwanza mpaka mambo yawe tayari. Nicholas alivuta waya mrefu kutoka kwenye gari, akaiketisha wufa kwenye kiti cha baba yake pale barazani, akaifungulia pole pole isimfikie mzee ndani. Kisha akateremka kwenye migomba, akapiga magoti, akaanza kutambaa.

Safari hii sikumuuliza kuhusu sindano.

Alianza na pale pale. Aliweka sikio kwenye udongo chini ya mgomba ule, upande alioulalia mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sikusikia chochote, na najua naye hakusikia, kwa sababu fundi akikosa sauti hahitaji muda mrefu kujua. Lakini hakuinuka. Alikaa hapo, shavu kwenye majani makavu, mabega yakipanda na kushuka. Mimi nikageuka nikazitazama kabeji za watu.

Baadaye akaendelea kutambaa. Alipanda matuta moja baada ya jingine kuelekea nyumbani. Kuna mahali ambapo ukuta wa mawe wa tuta unakutana na ukuta wa zizi, kona ya mawe matupu, na majani ya migomba yanaifunika ukiwa barazani. Aliingiza kichwa kwenye kona hiyo akatulia. Akaniita nami niingize changu. Wufa ilikuwa juu kwenye kiti, sauti ndogo, lakini mle kwenye mawe ilinguruma kama ng'ombe usingizini. Sikio lilishiba.

Hapo si pale alipoanguka. Ni karibu na nyumba kuliko pale, karibu sana. Nilimtazama, naye akanitazama. Akapanda kuichukua wufa.

Aliiweka akiielekeza kwenye mawe, akaacha nafasi ya kiganja, kama kwenye buti ya Khaemba. Akaenda kwenye gari akaipandisha amplifaya kupita nilivyowahi kumwona akiipandisha, akarudi akapiga magoti kando ya wufa. Mimi nikamtoa mzee nikamketisha.

Wimbo ulipoanza nilielewa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Wufa haijui sauti nyembamba. Soprano wote, alto wote, mwalimu wa kwaya mwenyewe, waliachwa nje. Kilichopanda kutoka kwenye migomba kilikuwa Dinah peke yake, kama mtu anayeimba amejifunika blanketi. Niliisikia miguuni kabla ya masikioni. Wakafika pale pa kunyamaza, naye akaanza kuvuta.

Mwandawiro aliinuka. Aliinuka kama alivyokuwa akiinuka miaka yote, akiweka maharagwe yasiyokuwepo pembeni ya kiti. "Naja," akasema. Akashuka kizingiti cha baraza, akaanza njia ya kwenda bondeni, "naja, naja," na ikabidi nimkimbilie nimshike kwapani. Alikuwa mwepesi. Alisimama hapo katikati ya njia mpaka sauti ikaisha na Nicholas akaizima.

"Kumbe nasikia," akaniambia.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi hakuniita."

Kabla sijapata cha kufanya na uso wangu, tukamwona Immaculate. Alikuwa anapanda kutoka kijitoni mbio, mundu mkononi, leso imeanguka shingoni, analia. Alikuwa ameisikia ng'ambo. Safari hii alikuwa ameziacha nyasi. Akafika akasimama mbele yetu akihema, akiangalia huku na huku kama anayemtafuta mtu.

Mzee akamtazama. "Siku ile ulikuwa ng'ambo," akasema. "Wewe ulimsikia akiita?"

Immaculate akayatupa macho kwenye migomba. Nicholas alikuwa ameinuka, mkono juu ya wufa, majani yamemficha nusu. Hakumfanyia ishara yoyote. Immaculate akaufuta uso kwa kiganja, akamkaribia mzee, akasema kwa sauti ya juu, akiufungua mdomo vizuri ili asomwe.

"Baba Nicholas, siku ile sikusikia kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Tukamrudisha kwenye kiti. Immaculate akaenda jikoni bila kuombwa, akatoka na kimanga, na shemeji yangu akala. Alikula polepole, sisi tukimtazama kama anafanya mchezo wa ajabu. Alipofika katikati ya sahani akasimamisha mkono.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Halafu amekwenda bila hata kuniita."

Akaendelea kula, na machozi yakimshukia kwenye sahani. Hakuwahi kulia tangu mazishi.

Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nikayafuata maharagwe yake jikoni, nikakaa kuyachambua.

Tuliteremka Voi jioni hiyo. Nicholas aliendesha bila muziki, na tangu siku ile gari yake haina muziki. Ukimkuta, usimtanie kwamba fundi wa wufa hana wufa. Mimi nimekwisha kumwambia hilo na alicheka kidogo tu. Tulipopita Mwatate, joto likaanza kuingia madirishani. Akapunguza mwendo.

"Mjomba," akasema, "wewe ungeiweka wapi?"

Nikamwambia, "Pale pale ulipoiweka."